Zimamoto waje na bisibisi

Soma taarifa ya kikosi chochote cha zimamoto kuhusu elimu kwa umma, utakuta karibu yote inafanana na za wengine. Shule kadhaa zimetembelewa. Watoto wamevalishwa kofia za askari na kupigwa picha mbele ya gari jekundu. Vipeperushi vimegawiwa, mkuu wa kikosi amekumbusha kwamba kinga ni bora kuliko tiba, na mwishoni kuna idadi ya wananchi "waliofikiwa", kwa maelfu. Kisichokuwemo ni lile jambo ambalo lingetuambia kama kazi imefanyika: ni nyumba ngapi usiku wa leo zina kitambua moshi kinacholia, na ni watu wangapi wanaweza kutoka chumbani gizani bila kuanza kupapasa wakitafuta ufunguo.

Sidai kwamba elimu hiyo haina maana. Ninachodai ni kwamba tunaipima kwa kipimo kisicho chake. Kikosi kikipimwa kwa idadi ya waliosikiliza, kitatafuta mikusanyiko, na shule ndiyo mkusanyiko rahisi kuliko yote. Kikipimwa kwa idadi ya nyumba zilizobadilika, kitalazimika kugonga milango.

Tuanze na hesabu ya dakika. Marekani kuna kiwango cha utendaji kwa vikosi vya askari wa kuajiriwa, NFPA 1710, cha chama cha taifa hilo cha kinga ya moto. Moto ukitokea, askari wanapewa sekunde 80 kuvaa na kupanda gari, na gari la kwanza linapewa dakika 4 za kuwa njiani. Hilo ni lengo la vikosi vyenye vituo, magari, maji na barabara zinazopitika. Vikosi vingi duniani havina hata nusu ya hivyo. Ongeza muda ambao moto umewaka kabla mtu hajashtuka, muda wa kutafuta simu, muda wa kumwelekeza anayepokea simu mahali nyumba ilipo. Sasa tazama upande wa moto. Majaribio ya UL, shirika la kupima usalama wa bidhaa huko huko Marekani, yameonyesha kwamba sebule yenye samani za siku hizi, makochi ya sponji na mapazia ya nyuzi za plastiki, inaweza kufikia hatua ya kulipuka moto chumba kizima chini ya dakika 5. Sebule yenye samani za zamani, za mbao ngumu na pamba, ilichukua karibu nusu saa. Katika hatua hiyo joto la darini linafika nyuzi 600 hivi za Selsiasi, na kila kinachoweza kuungua kinashika karibu kwa mpigo mmoja. Aliyemo chumbani hatoki.

Kwa hiyo hata kikosi kinachotimiza kiwango kwa sekunde, mara nyingi kinafika wakati suala la nani anapona katika chumba kile limeshaamuliwa. Kinachobaki ni kuokoa vyumba vingine na nyumba za jirani. Ni kazi kubwa, na ya kishujaa, lakini haimsaidii aliyekuwa amelala kwenye kochi.

Na wengi hawafi kwa miali. Wanakufa kwa moshi, na ndani ya moshi huo mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo humlegeza mtu kabla hajaelewa kinachompata. Watu hudhani harufu ya kuungua itawaamsha. Si jambo la kutegemea hata kidogo, kwa sababu pua ya mtu aliyelala nayo imelala. Anayebaki macho ni kile kidubwasha cha darini, kama kipo, kama kina betri, na kama hakuna aliyekichomoa wiki iliyopita kwa sababu kililia wakati wa kupika. Takwimu za Marekani zimerudia jambo lile lile kwa miaka: kati ya kila vifo 5 vya moto wa nyumbani, 3 hutokea katika nyumba ambazo hazina kitambua moshi au kilichomo hakifanyi kazi.

Haya hayajagunduliwa jana. Mwaka 1973 tume ya kitaifa ya Marekani iliyochunguza tatizo la moto ilisema waziwazi kwamba vikosi vinatumia nguvu nyingi mno kuzima na kidogo mno kuzuia, na mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya taifa juu ya kuzuia moto. Uingereza ilichelewa, lakini ilikwenda mbali zaidi: sheria ya mwaka 2004 ya huduma za zimamoto iliifanya kazi ya kuhamasisha usalama kuwa wajibu wa kisheria wa kikosi, sawa na kuzima. Kabla ya hapo kikosi cha Merseyside, eneo la jiji la Liverpool, kilikuwa kimeshaanza kupeleka askari majumbani kukagua bure na kufunga vitambua moshi. Mwanzoni wapo walioona ni kuwashusha hadhi askari, yaani mwanamume wa kazi apande ngazi kwenye sebule ya bibi na kuanza kutoboa dari. Leo ziara za namna hiyo ni kazi ya kawaida katika vikosi vya nchi hiyo.

Ila hata kugawa vifaa kunaweza kuwa maonyesho tu, na hapa pana mifano miwili ambayo kila mkuu wa kikosi angepaswa kuijua kwa moyo.

Wa kwanza ni wa Oklahoma City, Marekani. Maofisa wa afya walianza kwa kuchora ramani ya mahali watu wanapoumia na kufa kwa moto, wakaona sehemu moja ya jiji imezidi nyingine zote kwa mbali. Kuanzia mwaka 1990 wakagawa katika eneo hilo, nyumba kwa nyumba, zaidi ya vitambua moshi 10,000 kwa kaya ambazo hazikuwa navyo, kisha wakarudi kuangalia kama vinafanya kazi. Katika miaka 4 iliyofuata, kiwango cha watu kuumia au kufa kwa moto katika eneo lile kilishuka kwa asilimia 80. Sehemu nyingine za jiji hazikuona chochote cha kulingana na hicho.

Wa pili ni wa London, na huu ndio unaouma. Watafiti waligawa bure vitambua moshi 20,050 katika mitaa maskini ya katikati ya jiji, wakalinganisha na mitaa iliyofanana nayo ambayo haikupewa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalikuwa bapa: majeruhi hawakupungua. Sababu kuu ni kwamba vifaa vichache ndivyo vilivyofungwa, na hata hivyo vichache havikutunzwa. Utafiti mwingine wa mwaka huo huo, katika nyumba za halmashauri, yaani zinazopangishwa na serikali ya mtaa, za katikati ya jiji, ulifuatilia vitambua moshi ambavyo vilifungwa kabisa ukutani. Baada ya miezi 15, kama nusu tu ndivyo vilivyokuwa bado vinafanya kazi. Vingine vimeng'olewa, vingine havina betri. Wakazi walipoulizwa, walieleza habari ambayo yeyote aliyewahi kuishi chumba kimoja na jiko anaielewa: kinalia ovyo wakati wa kupika, mtoto anaamka, jirani anagonga ukuta. Hatari ya moto ni ya siku moja isiyojulikana. Kelele ni za kila jioni.

Kugawa kitambua moshi bila kukifunga ni sawa na kumpa mtu mbegu kisha ukaandika kwenye ripoti kwamba amevuna. Na kukifunga mahali pasipofaa, kama juu ya jiko, ni kumlazimisha mtu akichomoe. Kinapaswa kukaa walau mita 3 kutoka mahali pa kupikia, darini, karibu na vyumba vya kulala. Utafiti ule wa nyumba za halmashauri ulionyesha pia kwamba aina ya kifaa ina maana: vilivyodumu zaidi ni vile vyenye betri ya lithiamu ya muda mrefu na kitufe cha kukinyamazisha kwa dakika chache. Afisa ununuzi anayechagua kifaa cha bei ya chini kabisa ili idadi ya vilivyogawiwa ipendeze kwenye ripoti, ananunua idadi tu.

Ndiyo maana nasema waje na bisibisi. Na ngazi, na betri za akiba. Kipeperushi kiachwe mezani wakati wa kuaga, kwa anayependa kusoma.

Ziara yenyewe ikifanywa vizuri haina hotuba. Askari wawili wanabisha hodi, wanaonyesha vitambulisho, wanaomba kuonyeshwa mahali watu wanapolala. Mmoja anauliza: "Mama, umeme ukikatika saa nane usiku na koridoni kumejaa moshi, mnatokea wapi?" Mama ananyoosha kidole kwenye mlango wa mbele, kana kwamba swali lenyewe ni la kitoto. "Na ufunguo uko wapi?" Hapo ndipo mambo yanapoanza kuonekana. Ufunguo uko kwenye mkoba, mkoba uko kabatini, kabati liko chumba cha mtu mwingine. Madirisha yote yana nondo zilizochomelewa, kwa sababu wizi unaogopwa kuliko moto, na si uoga wa kijinga. Askari mwenye akili haanzi kulaumu nondo. Anatafuta dirisha moja ambalo linaweza kuwekewa nondo za kufunguka kwa ndani, na anapigilia msumari karibu na mlango, mahali ambapo mkono wa mtu wa nje haufiki, ili ufunguo wa pili ukae hapo siku zote. Kazi ya dakika chache. Hakuna bango lolote ambalo lingeufikia ule mkoba.

Kisha wanazunguka. Mwenzake anainamia ekstensheni iliyopitishwa chini ya zulia, ambayo ina pasi, hita na televisheni, nyingine imechomekwa ndani yake. Anaigusa plagi kwa mgongo wa kiganja. Ya moto. Soketi imeanza kuwa na rangi ya kahawia pembeni. Anamwambia mwenye nyumba aiguse mwenyewe, na hilo lina nguvu kuliko sentensi kumi kuhusu mzigo wa umeme, kwa sababu mtu akishahisi joto kwenye plagi yake, kesho ataigusa tena bila kuambiwa. Wakifika jikoni hawasemi "kuwa makini na mafuta". Wanauliza mfuniko wa sufuria kubwa uko wapi. Mafuta yakishika moto, zima jiko, funika, usiibebe sufuria, na maji yasikaribie: maji ni mazito kuliko mafuta, yanazama, yanachemka papo hapo na kugeuka mvuke unaochukua nafasi karibu mara 1,700 ya maji yenyewe, na mvuke huo unarusha mafuta yanayowaka hadi darini. Kama kuna mtungi wa gesi, wanapaka povu la sabuni kwenye maungio kuona kama kuna mapovu yanayotoka, na wanaeleza kwamba gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatanda sakafuni, hivyo ukiisikia harufu usiwashe wala kuzima taa, fungua milango na utoke.

Jambo moja ambalo ningependa kila ziara iishie nalo ni mlango wa chumba. Ni la bure kabisa na karibu hakuna anayelifanya: kulala mlango ukiwa umefungwa. Katika majaribio ya UL, chumba kilichofungwa mlango kilibaki na joto la karibu nyuzi 40 wakati nje ya mlango limepita 500. Ubao ule mwembamba unampa mtu dakika ambazo hakuna gari la zimamoto linaloweza kumpa. Wazazi hupenda kuacha mlango wazi ili wamsikie mtoto, na hapo ndipo kitambua moshi cha ndani ya chumba kinapohitajika. Haya ni mazungumzo ya watu wazima yanayohitaji kuona nyumba ilivyo, hayawezekani kwa kipaza sauti.

Nirudi kwenye shule, maana najua nitalaumiwa. Mtoto anayefundishwa kusimama, kulala chini na kubingiria nguo zikishika moto anafundishwa kitu cha kweli, na watoto wadogo ni kati ya walio hatarini. Lakini kundi jingine ambalo moto wa nyumbani hulimaliza ni wazee, hasa wanaoishi peke yao, wasiotembea vizuri, wanaovuta sigara kitandani au kwenye kiti, wanaotumia dawa za usingizi au pombe. Hawa hawako shuleni. Hawaji kwenye siku ya wazi ya kikosi kupanda gari. Wengi wao hata hawasikii vizuri: kitambua moshi cha kawaida hulia kwa mlio mwembamba wa karibu hezi 3,000, sauti ambayo masikio ya uzeeni ndiyo yanayoipoteza mapema. Tafiti za usingizi zimeonyesha kwamba mlio mzito wa hezi 520 huwaamsha watu vizuri zaidi, watoto na wazee vilevile, na vifaa vyenye mlio huo vipo. Nani atamjua mzee anayehitaji kifaa hicho? Muuguzi anayemtembelea, anayempelekea chakula, jirani. Kikosi chenye orodha kutoka kwa watu hao kitafanya zaidi kwa ziara 50 kuliko kwa wanafunzi 5,000 uwanjani.

Kuna kikwazo ambacho vikosi vingi havipendi kukitaja, nacho ni hofu. Askari wa zimamoto ana heshima ambayo watumishi wengine wenye sare hawana. Watu humfungulia mlango. Lakini mpangaji aliyejiunganishia umeme, familia ya watu kumi katika vyumba viwili, mwenye nyumba aliyeongeza ghorofa bila kibali, wote hawa wanajua kwamba kinachoonekana kinaweza kuandikwa. Na ndio hasa wenye nyumba za hatari. Kikosi kikimtuma mtu yule yule Jumatatu kama mshauri na Ijumaa kama mkaguzi mwenye kitabu cha faini, milango itafungwa, na itafungwa kwanza pale inapohitajika zaidi kufunguliwa. Kazi hizi mbili zitenganishwe, kwa watu na kwa makaratasi, na wananchi waambiwe hivyo wazi. Najua itafika siku ambapo mshauri ataona jambo la kutisha kiasi kwamba hawezi kunyamaza. Basi sheria ya ndani iseme mapema ni mambo gani hayo, yawe machache, na mwenye nyumba aambiwe kabla ya hodi kukubaliwa.

Mpangaji naye asibebeshwe yote. Ufaransa, tangu Machi 2015, kila makazi lazima yawe na kitambua moshi, na jukumu la kukiweka ni la mwenye nyumba. Uingereza kwa upande wa England ilifanya hivyo mwaka huo huo kwa nyumba za kupangisha: angalau kimoja kila ghorofa. Sheria kama hizo humpa askari wa ziara kitu cha kusimamia. Zisipokuwepo, anamwomba mpangaji wa mwezi kwa mwezi atoboe dari isiyo yake.

Hatari zenyewe pia hazikai mahali pamoja, na kipeperushi kilichochapishwa miaka 10 iliyopita hakijui kuhusu baiskeli ya umeme. Betri ya lithiamu iliyoharibika au yenye chaja isiyo yake inaweza kuanza kujipasha joto yenyewe bila kuzuilika, kutoa gesi inayowaka, na kuwaka tena hata baada ya kuonekana imezimika. New York mwaka 2023 ilipoteza watu 18 kwa moto wa betri za aina hiyo. Mahali watu wanapozichaji ni karibu na mlango wa kutokea, kwa sababu ndipo baiskeli inapoingilia. Moto ukianza, umeshaziba njia. Askari aliyeingia nyumba 20 mwezi huu ameliona hilo kwa macho yake. Aliyeko kituoni anasubiri mwongozo mpya kutoka juu.

Pingamizi la bajeti ni la kweli. Vikosi vingi havina askari wa kutosha hata wa zamu, sembuse wa kuzunguka na ngazi. Lakini askari wa zamu hawazimi moto saa 24. Katika saa zile za kusubiri, gari linaweza kuwa mtaani likiwa na redio wazi, tayari kuondoka simu ikiingia, badala ya kuwa kituoni linaoshwa kwa mara ya pili. Na si lazima kila nyumba ifikiwe. Oklahoma City haikugawa jiji zima. Ilianza na ramani. Kila kikosi kina daftari la matukio, na daftari la miaka michache linatosha kuonyesha mitaa inayojirudia.

Kama kuna wakati mmoja wa kutoupoteza, ni siku mbili tatu baada ya nyumba kuungua. Majirani wamesimama barabarani usiku kucha, wameona godoro likitolewa linafuka, wanajua jina la aliyepelekwa hospitali. Baadhi ya vikosi vya Uingereza vina desturi ya kurudi mtaa huo huo mara moja na kugonga nyumba zote za jirani, wakiwa na vifaa mkononi, kwa sababu wiki hiyo hakuna anayehitaji kushawishiwa. Baada ya mwezi, wataanza tena kusikia: "Njooni siku nyingine, leo tuna wageni."